Utamu Uliochelewa Kufika

Ukimsalimia Tabibu, alikuwa anakutazama pua. Unasema shikamoo, yeye anasema marahaba, na macho yake yameshatua hapo katikati ya uso wako kama mtu anayekagua nazi sokoni. Wageni walidhani ana dharau. Sisi tuliomzoea tulijifuta kwanza na ncha ya khanga, halafu ndiyo tukamsogelea.

Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa Tabibu, basi. Alifanya kazi zahanati miaka yake yote, alipostaafu akapanga kachumba kadogo ubavuni mwa mashine ya kukobolea mpunga ninapofanya kazi mimi, hapa Ifakara. Ndani kulikuwa na benchi, meza, ndoo ya maji yenye koki na kalenda ya mwaka uliopita. Kila mwaka ilikuwa ya mwaka uliopita. Sijui alikuwa anazipata wapi.

Mimi nakaa mdomoni mwa mashine. Nilikaa, niseme hivyo. Mpunga unamwagwa juu, mashine inanguruma, pumba zinatokea nyuma, mchele unashuka mbele, na mbele ndiyo mimi. Nashika kiganja kimoja, nauangalia umekatika kiasi gani, naunusa. Mchele wetu una harufu, hilo mtu wa Kilombero hafundishwi. Ukipika nyumba hii, nyumba ya tatu wanajua. Basi mimi nilikuwa naunusa ungali wa moto kutoka kwenye chuma, na mteja akiuliza kama mpunga wake ulivundia guniani kabla haujakauka, nilimjibu bila kubahatisha. Watu walitoka Mchombe na hata Mlimba kwa gari moshi wakasema, mpelekeeni yule mama aunuse. Nilijivunia hilo. Nalisema wazi kwa sababu sina kingine kikubwa cha kujivunia.

Lakini vumbi. Jamani, vumbi la pumba! Hata nikiongea sasa nahisi linanikwaruza. Linaingia kwenye kope, kwenye matiti, kwenye mkate wa chai. Ukipenga kamasi jioni linatoka la rangi ya udongo. Na ukirudi nyumbani watoto wanataka kula, hawataki kusikia habari za vumbi.

Tabibu alikuwa na kipimo chake. Aliyekitunga si yeye, na hakuwahi kujidai. Alisema alifundishwa chuoni na kwamba duniani kote wanakifanya. Alichukua kidonge cha utamu, vile vidonge vidogo wanavyotia kwenye chai watu wenye kisukari, akakikata kwa wembe mpaka apate chembe ndogo kuliko nusu ya chenga ya mchele. Kwanza alikuwekea chembe moja ulimini, ajue kama unaujua utamu. Ukisukutua mdomo, utamu ukaisha kabisa, alichukua chembe nyingine kwa ncha ya kijiti, akaiweka ndani ya pua yako, ndani kidogo tu, pale kucha inapofika. Halafu anakuambia kaa. Usivute kamasi, usipige chafya, usinywe maji, usiinamishe kichwa. Pumua kama kawaida na umeze mate kila nikikuambia. Siku utamu utakapofika kooni, sema.

Alisema "siku" makusudi. Ndio ulikuwa utani wake pekee na aliurudia kwa kila mtu.

Mara ya kwanza aliponifanyia nilimuuliza hiyo sukari inatembeaje, nani anaisukuma. Akafurahi kuulizwa. Tabibu alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini ukimuuliza swali hasira zilimtoka zote.

"Mama Neema," akasema, "ndani ya pua yako kuna ute, umetandazwa kama mkeka. Uchafu ukiingia unanasa hapo. Chini ya ule ute kuna vinywele vidogo sana, huvioni kwa macho. Vinapiga, vinapiga, vyote upande mmoja, kurudi nyuma kooni. Nyumba ikiungua watu wanapokezanaje ndoo?"

"Wanapanga mstari."

"Basi ndivyo. Vinapokezana. Uchafu unafika kooni, unaumeza, unakwisha tumboni. Mchana na usiku, umelala, umeamka, vinafagia. Mimi nikiweka chembe ya utamu mlangoni, naangalia wafagiaji wataifikisha saa ngapi. Ikiwa robo saa au zaidi kidogo, wazima. Ikipita nusu saa, wamechoka."

"Na wakichoka?"

"Vumbi linalala humo humo. Na likilala sana litatafuta njia nyingine ya kwenda, na njia nyingine ni kifua."

Nilipenda alivyosema wamechoka. Hakusema wamekufa wala wameharibika. Mimi wakati huo nilikuwa na mtoto mchanga na mume aliyekuwa Mlimba anatafuta kazi ya kupakia mizigo, na neno kuchoka nililielewa vizuri. Utamu wangu siku ile ulifika mapema. Tabibu alipiga makofi, mtu mzima vile, akasema wafagiaji wako ni Wandamba halisi, hawajui kupumzika. Yeye mwenyewe alikuwa Mndamba, kwa hiyo alijisifu humo humo.

Sasa tatizo lilianza na huruma ya tajiri. Tajiri wetu, mwenye mashine, ni mtu wa asili ya pwani, Mwislamu mcha Mungu, hana makuu. Alipomsikia Tabibu akieleza kipimo, akasema haki ya Mungu sitaki mtu aharibikiwe kwenye mashine yangu. Akaweka utaratibu kwamba yeyote ambaye pua yake imechoka atolewe ndani, apelekwe turubaini nje kuanika mpunga mpaka Tabibu aseme amepona. Utaratibu mzuri, nani atabisha? Ila turubaini unapigwa jua kutwa nzima, malipo ni madogo, na chenga, ule mchele uliokatika tunaogawiwa, huzioni. Mdomoni mwa mashine kila jioni unaondoka na chenga zako kwenye mfuko, watoto wanakula uji. Hakuna aliyetaka turubai.

Basi watu wakaanza kusema "tamu" kabla haijafika.

Wala hawakuona ni uongo. Waliona ni adabu. Mzee kakuketisha, ana kazi nyingine, anakuangalia usoni na kijiti chake, utamwambia bado, bado, bado mpaka lini? Kwetu hapa mgeni akikuuliza chakula kimeiva hata kama jikoni kuna moshi tu unamwambia kipo karibu. Kwa hiyo anakaa kidogo, anameza mate, anasema kwa unyenyekevu, tamu Tabibu, ahsante. Na Tabibu anaitikia ahsante na wewe, anamruhusu. Kwa muda mrefu pua za mashine ile zote zilikuwa nzima kuliko pua za watawa.

Tabibu alianza kushtuka alipoona hata fundi wa mashine, ambaye alikohoa mpaka anashika ukuta, utamu wake unafika haraka kuliko wangu. Na hapo saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa. Akaamua kupima kwa gunia. Yeye alikuwa anasikia mashine kupitia ukuta. Gunia likimwagwa sauti inazama, likiisha sauti inapanda, inapiga kelele tupu. Alikwisha jua gunia moja linakula muda gani, na akasema utamu unatakiwa ufike kabla gunia lile halijaisha. Hata akija mtu na saa, alisema saa haina maana, mimi nina mashine.

Ikafika zamu ya fundi kupimwa tena. Fundi alijua safari hii hataponea kwa maneno matupu, maana Tabibu alimwambia, wewe leo utakaa mpaka mimi niridhike. Wenzake wakamhurumia. Alikuwa mtu wa watu, anachangia kila msiba, ana wake wawili na wote wanaelewana. Basi wale waliokuwa juu kwenye kumwaga mpunga wakabana kile kilango, mpunga ukawa unashuka kidogo kidogo, gunia lisiishe upesi. Hawakupanga kwa maneno. Mmoja alitazama mwingine, mkono ukaenda.

Mimi niko chini naona mchele unashuka umevunjika. Mpunga ukipita kidogo kidogo unasuguliwa mno na chuma, unakatika. Nikapiga kelele, wenzangu, mnafanya nini huko juu? Wakajifanya hawasikii. Na mpunga ule haukuwa wa mchezo, ulikuwa wa mama mmoja wa Mchombe, mpunga wa mbegu nzuri ya kienyeji, aliulima kwa jembe la mkono akausindikiza mwenyewe kwenye gari. Alipotia kiganja kwenye beseni akaona vipande vitupu, alipiga yowe mashine nzima ikanyamaza.

"Mungu wangu! Mchele wangu mmeufanya chenga! Nani kawatuma? Nani kawatuma nyie?"

Tabibu akatoka kwenye chumba chake, kijiti mkononi, na nyuma yake fundi kashikilia pua juu kama alivyoagizwa, asimwage chembe. Tabibu akatazama beseni. Akachukua mchele kidogo, akautazama karibu, akakitazama kile kilango juu. Nilidhani atatutukana, maana ulimi alikuwa nao. Akamwambia yule mama, pole sana mama yangu, kisha akatugeukia.

"Mmemnunulia fundi pua kwa mchele wa huyu mama," akasema. "Mnampenda au mnamuua?"

Fundi, kichwa bado kiko juu, akasema kwa sauti ya puani, "Tabibu, utamu bado haujafika." Watu wakacheka. Wakacheka mpaka yule mama wa Mchombe naye akacheka huku anafuta machozi. Tajiri alimfidia mchele mwingine siku ile ile. Na fundi akaenda turubaini.

Tangu hapo Tabibu akaleta mkaa. Alitwanga mkaa safi mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto, akachanganya kidogo na ile chembe ya utamu. Ukisema tamu, anakuambia fungua mdomo, anakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, anamulika tochi kooni. Akiona weusi umeshuka nyuma ya koo, anakubali. Asipouona, anazima tochi anakaa kimya mpaka unaona aibu mwenyewe. "Ulimi wenu una adabu mno," alituambia. "Mkaa hauna adabu hata kidogo. Ndiyo maana naupenda." Alituambia huko kwenye hospitali kubwa sana wanaweza kuifuata chembe kwa picha, hatua kwa hatua, bila kumuuliza mgonjwa neno. Alisema hivyo akitazama tochi yake ya betri mbili, sikujua kama anatamani au anajivunia.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa ananusa ugoro! Ndiyo, yeye, tabibu wa pua. Alikuwa na kikopo kidogo cha bati, na baada ya kumfokea mtu kutwa nzima kuhusu vumbi, jioni anakaa barazani anatia ugoro pua ya kulia, pua ya kushoto, anapiga chafya mpaka kuku wanatawanyika. Nilimuuliza siku moja, Tabibu, na pua yako wewe je, umeipima?

"Yangu imestaafu kabla yangu," akasema. "Usiizungumze."

Chai alikunywa bila sukari. Alisema sukari kwake ni kazi na mtu hali kazi yake. Kanisani alikaa benchi la mwisho kwa sababu hakuvumilia kusikia mtu anavuta kamasi wakati wa mahubiri. Akisikia, anageuka anamtazama mhusika mpaka anapenga. Padri alishamwomba aache. Na yeye mtu wa kuhubiri subira, kaa, tulia, meza mate, ndani ya nyumba yake alikuwa hasubiri hata maharage yaive. Marehemu mkewe alikuwa anamwambia, mzee, wewe subira yote unaimalizia kwenye pua za watu.

Lakini nilimwona siku nyingine. Alikuja binti mdogo wa Katindiuka, mzazi wa mara ya kwanza, na mtoto amezibwa pua hawezi kunyonya. Binti alikuwa ameshaanza kumfyonza mtoto kamasi kwa mdomo wake, kama mama zetu walivyofanya, kama nilivyofanya mimi. Alipomwona Tabibu akashtuka, akajifuta mdomo kwa aibu, kama mwizi. Alijua wasomi wanaona ni uchafu. Tabibu akamwambia endelea, mama, usisimame katikati. Binti akafyonza, akatema, mtoto akavuta pumzi akaanza kulia kwa nguvu. Tabibu akachemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe mpaka vuguvugu, akamwonyesha kumdondoshea mtoto tone moja moja, alegeze kamasi, ili siku nyingine isimpase kufyonza. "Huyu hana wafagiaji wenye nguvu bado," akasema. "Mpaka wakue, wewe ndiye mfagiaji wake." Yule binti alilia. Mimi nilikuwa nimekuja kuomba maji ya kunywa tu, nikasahau kiu yangu.

Na fundi. Fundi hakuvumilia turubai. Alisema jua linamwua na chenga watoto wamezizoea, akaondoka kwenda mashine nyingine huko njia ya Mlimba ambako hakuna anayeuliza habari ya pua. Alirudi baadaye amekonda, shingo imeingia mabegani, hawezi kupanda ngazi ya mashine bila kupumzika. Sisi tulimngoja Tabibu aseme niliwaambia. Hakusema. Alitoka na kiti chake mwenyewe, kile cha mgongo wa kamba ambacho hata sisi haturuhusiwi kukikalia, akakiweka kivulini akamkalisha fundi, akakaa chini kwenye gunia tupu mbele yake. Waliongea mpira mpaka jua likashuka. Fundi aliendelea kuishi, tusimzulie kifo, yupo hata leo, ila kazi yake sasa ni kukaa.

Siku hizo Tabibu alituambia kitu ambacho nimekibeba. Alisema kipimo chake hakimwambii mtu kwamba atakufa au atapona. Kinamwambia tu wafagiaji wamechoka. "Na mtu aliyechoka," akasema, "anapumzishwa. Hapigwi, hafichwi. Anapumzishwa." Kisha akapiga chafya ya ugoro.

Halafu macho yakaanza kumfifia. Mtoto wa jicho, wakasema. Aliogopa upasuaji, yeye aliyewasukuma watu wote hospitali, aliogopa, akapiga kalenda mwaka mmoja, mwingine, mpaka tochi ikawa haimsaidii. Alifunga kile chumba akarudi nyumbani kwake Katindiuka akakaa na dada yake. Mashine ikabaki bila kipimo. Hatukusema, lakini tulipumua.

Nilikuja kugundua langu polepole. Kwanza nilidhani mchele wenyewe umebadilika. Nikawa nasema mbegu za siku hizi hazina harufu, wateja wakaitikia, kweli mama, mbegu za siku hizi. Baadaye mteja mmoja akaniletea mpunga uliovundia guniani, nikaunusa nikasema mzuri, ukapita. Alipofika nyumbani kupika, harufu ikamtoa nje. Akarudi. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alinitazama tu, halafu akamtazama tajiri.

Tajiri aliniita pembeni. "Mama Neema, wewe mimi nakuheshimu. Nenda kwa Tabibu. Akisema uko sawa, rudi mahali pako, hakuna mtu atakayekuuliza. Akisema umechoka, utaratibu unaujua. Nitaamini neno lake."

Nilikwenda mchana, baada ya mvua. Njia ya Katindiuka ilikuwa tope, ndala zangu nikazishika mkononi. Nilimkuta Tabibu barazani, kwenye kile kiti cha kamba, macho yana ukungu. Nikasema shikamoo Tabibu. Akasema marahaba, akaelekeza uso wake usawa wa pua yangu kwa mazoea, ingawa haoni.

"Mama Neema. Unapumulia mdomo."

Nikamweleza yote, na neno la tajiri nikamweleza. Akamwomba dada yake amletee kile kidonge na wembe. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo chembe nilikata mwenyewe, nikaiweka mwenyewe, yeye ananielekeza. Nilitaka kutafuta mkaa akanizuia.

"Mkaa wa nini, na mimi sioni? Leo hakuna tochi. Leo nina mdomo wako tu." Akaweka mikono magotini. "Nitasikiliza mashine. Upepo ukitoka huko naisikia vizuri. Haya, kaa."

Nikakaa. Kweli upepo ulileta mngurumo wa mashine yetu, mbali lakini wazi. Gunia likamwagwa, sauti ikazama. Nilimeza mate aliponiambia. Nilitazama bata wa dada yake wakioga kwenye dimbwi. Nilifikiri, mimi ni mtu mzima, hapa hakuna mkaa, hakuna shahidi, neno moja tu na kesho nipo mahali pangu. Nilifikiri nimefanya kazi ile tangu Neema yuko mgongoni. Nilifikiri chenga. Gunia likaisha, sauti ikapanda.

"Vipi?" akauliza.

Neno lilikuwa hapo mdomoni, tamu Tabibu, ahsante. Nilimtazama anavyoningoja, kichwa kimeinama upande mmoja, mzee yule mwenye hasira, ametulia kabisa.

"Bado, Tabibu," nikasema.

"Haya. Meza mate."

Gunia la pili likazama. Mvua ikarudi kidogo, ikaacha. Likaisha. Bado. La tatu. Alikuwa hasemi tena, na mimi nikaona aibu kumchosha, ile aibu yetu ya siku zote, nikaishinda. Bado, Tabibu. Mwishowe akapumua.

"Basi, Mama Neema. Wafagiaji wako wamechoka. Toka mdomoni mwa mashine."

Nilijua atasema hivyo. Nilijua tangu naondoka nyumbani. Lakini nilipolisikia nilipandwa na hasira, nikamwambia mambo yote. Nikamwambia nani atapika uji, nani amenisaidia tangu mwanzo, nikamwambia mimi ndiye ninayenusa mchele wa bonde hili, mimi, na hata hiyo pua mmeichukua. Nilisema mmeichukua kana kwamba yeye ndiye vumbi. Sikulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu yenyewe, nikayameza, na pua ikajaa maji.

Na ghafla utamu ukafika. Ukajaa koo lote, mwingi, mzito, kama nimemeza kijiko cha asali.

"Tabibu! Tamu! Haki ya Mungu, sikudanganyi, imefika!"

Hakusogea. Alinyosha mkono hewani mpaka ukapata shavu langu, akalipapasa kwa kidole gumba, likiwa limelowa.

"Umelia," akasema.

"Kidogo tu."

"Machozi yanaingia puani. Hiyo imeletwa na machozi, Mama Neema, wafagiaji hawahusiki. Usiihesabu." Akarudisha mkono wake. "Ningekuwa na macho ningemulika, nikaona koo jeusi, nikakurudisha mashineni. Leo mkaa ungenidanganya. Umesema bado mara zote hizo na huna anayekuona. Mwambie tajiri hivyo hivyo."

Dada yake alileta chai. Yangu alitia sukari, sikuinywa, mdomo ulishajaa utamu. Tabibu alikunywa yake bila sukari. Nilipoaga aliniambia nije kila siku ya soko nisukutue pua kwa maji ya chumvi pale kwake, ili wafagiaji wapumzike, watarudi, wengine hurudi. Hakuniahidi.

Njia nzima ule utamu ulikuwa kooni. Nilimeza mate, ukabaki. Nilitema, ukabaki. Nilipofika mashineni tajiri alikuwa amesimama mlangoni, mashine inanguruma nyuma yake, na mahali pangu hapakuwa na mtu.

"Tabibu kasemaje?" akaniuliza.

"Kasema nimechoka."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Nikavua kile kitambaa cha kufunikia kichwa nilichovaa miaka yote, nikakikung'uta mbali na watu, vumbi likatoka.

"Na mimi nasema hivyo hivyo," nikamjibu, nikaenda turubaini.